Bi Mahfoudha na Helmeti Aliyoikatalia

Leo, Alhamisi tarehe 30 Aprili 2026, Bi Mahfoudha binti Seif Al-Shaksi anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na moja na miezi saba. Aliajiriwa tarehe 1 Oktoba 1994, chuo kikiwa bado majengo mawili na kifusi kimoja, na katika muda wote huo amechelewa kazini mara mbili tu: siku ya kimbunga cha mwaka 2007, na siku aliyozaliwa mjukuu wake wa kwanza. Ya kimbunga aliomba radhi. Ya mjukuu hakuomba.

Hafla rasmi imeshafanyika asubuhi ukumbini, kwa Kiarabu na Kiingereza. Amepewa ngao ya kioo, amepigwa picha na mkuu wa chuo, na hotuba imechukua dakika nne. Wasifu huu ni wa hafla yetu ya pili, ya chakula cha mchana hapa Ansab, ya sisi ambao tukikutana koridoni huanza kwa Kiarabu na tukifika kwenye umbea huwa tumeshahamia Kiswahili. Nimeuandika mimi, Mazoon binti Thani, wa Ofisi ya Shughuli za Wanafunzi. Niliombwa kurasa mbili za kuchekesha. Za kuchekesha zimo, lakini kuna jambo moja la mwaka 2018 ambalo chuo hakijapata kulisema hadharani, nami nimo ndani yake, na sikuona vipi mtu atamuaga Bi Mahfoudha kwa kuliruka.

Bi Mahfoudha alizaliwa Malindi, Unguja, mwaka 1966. Alikuja Maskati mwaka 1985 pamoja na mama yake, Bi Zuwena, aliyekuja na masanduku mawili na maneno ya kutosha masanduku kumi. Kazi yake ya kwanza hapa chuoni ilikuwa udobi katika dahalia ya wasichana. Mwaka 2003 akahamishiwa stoo ya vifaa vya michezo, na hapo ndipo alipokaa mpaka leo, nyuma ya dirisha lile dogo la chuma linalotazama uwanja. Wenye vyeo wamekuja na kuondoka. Dirisha limebaki na mwenyewe.

Mwaka 2013 alirudi kutoka Marekani mwalimu wetu Ayman, akiwa na shahada moja ya uhandisi na wazimu mmoja wa mpira. Si mpira tunaoujua. Ni ule wa Kimarekani, unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, wachezaji wamevaa helmeti na pedi za mabega, wakigongana kama mbuzi wa Idi waliofunguliwa kwa makosa. Ayman ni wa kwetu pia: babu yake alikuwa na duka Tabora, na mpaka leo akikasirika Kiswahili chake hurudi huko huko. Aliunda timu, akawa kocha, nami nikapewa ukatibu wa timu bila kuulizwa.

Vifaa vilipofika, Bi Mahfoudha alifungua kasha la mipira, akaitazama mmoja mmoja, akaja ofisini kwangu na malalamiko kamili. Mipira yote ishirini imebonyea njiani, alisema, na waliouza warudishiwe. Alikuwa ameshajaribu miwili kuipuliza ikae duara, na mmoja ulikuwa umepasuka. Ayman alipomweleza kuwa ndivyo umbo lake lilivyo, umbo la yai, aliuliza kama Wamarekani wenyewe wanajua.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kiwanda kimoja cha Rusayl kukosea. Zilikuja jezi thelathini, zote namba kumi na mbili. Mechi ilikuwa keshokutwa, na katika mchezo huu wawili wenye namba ile ile hawaruhusiwi uwanjani. Bi Mahfoudha, ambaye ameshona kofia za mkono tangu utotoni, alizifumua zote na kushona namba upya kwa siku mbili. Matokeo yake timu yetu iliingia uwanjani na namba zilizonakshiwa vijicho, vile vitundu vidogo vya uzi, kama kofia za Idi. Kocha wa wageni aliomba kupiga picha namba nane.

Lakini Bi Mahfoudha anajulikana zaidi kwa sharti lake. Hakuna helmeti bila salamu. Helmeti na pedi zilikaa stoo, na kabla ya kila mazoezi na kila mechi mchezaji alikuja dirishani peke yake, akasimama, akaamkia, akaulizwa hali yake na ya kwao, naye akauliza hali ya Bi Mahfoudha na ya kwake, mmoja baada ya mmoja. Shikamoo ya kupita njia haikupokewa. Waliokulia kwenye Kiarabu walisalimia kwa Kiarabu, na hiyo ya kwao, ya khabari na ulumu, yaani kuulizana habari za kila mtu na kila kitu, ndiyo ilikuwa ndefu zaidi. Ayman alilalamika kuwa wachezaji thelathini kwa mwendo huo ni dakika arubaini. Bi Mahfoudha akamjibu kwamba basi waje mapema, na tangu siku hiyo walikuja mapema.

Kwa sababu ya joto letu alizidisha na jingine. Mapumziko ya katikati ya mechi kila helmeti ilirudi dirishani, akaifuta ndani kwa kitambaa cha maji ya barafu, kisha akaitoa tena, kwa salamu ya pili, fupi. Wa vyuo vingine walitucheka. Sisi wenyewe tulimcheka. Tulidhani ni mambo ya kizamani ya mama wa Kizanzibari, yana tabu na yana raha, nasi tukayachukua yote mawili.

Sasa msimu wa 2017 na 2018. Ligi ilikuwa na vyuo vitano. Tulianza kwa kupigwa Nizwa pointi thelathini na moja kwa sifuri, mbele ya watazamaji ambao nusu yao walikuwa wamekosea njia ya kwenda harusini. Mechi ya pili tukafungwa tena. Ya tatu Ayman alimweka Jaifar kuwa mrushaji, yaani yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua unakwenda wapi, na hapo mambo yakageuka.

Jaifar bin Hatem alikuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho wa uhandisi, mtoto wa Bi Hasina wa hapa hapa Ansab. Alirusha mpira kana kwamba anamkabidhi mtu kikombe cha kahawa. Alikuwa na kichwa kikubwa kuliko helmeti zote tulizoletewa, kwa hiyo Bi Mahfoudha aliifumua ile kubwa kabisa, akatoa sponji na kumshonea bitana mpya kwa kipimo chake. Hakuna helmeti nyingine iliyomwingia. Kwa Jaifar dirisha lilizaa undugu: alikuwa akienda nyumbani kwa Bi Mahfoudha Ijumaa kula, na Bi Zuwena alimpenda kwa sababu alizungumza Kiswahili cha watu wazima. Bibi yule aliumwa miguu. Kila akija dirishani, mwisho wa salamu zake Jaifar aliuliza swali lile lile: "Na bibi je, miguu yake imepoa?"

Tulishinda mechi nne mfululizo. Katikati ya hizo, mwezi wa Januari, bodi ya chuo ilituandikia barua. Mchezo huu una gharama, una majeraha, na wazazi wanalalamika. Ikiwa timu haitaleta kombe msimu huu, itafungwa. Ayman aliisoma barua ile mbele ya wachezaji wote. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyecheza kwa raha. Vijana walificha vidole vilivyoteguka. Muuguzi wa timu, Alaa, alikuwa akiwakimbiza wamwoneshe magoti, nao wakimkwepa. Ayman alikonda. Mimi nilikuwa nikiota pointi.

Ijumaa tarehe 23 Machi Bi Zuwena akafariki. Timu nzima ilikwenda mazikoni na magari yao. Bi Mahfoudha alisimama mlangoni jeneza likitoka, na kwa macho yake alimwona Jaifar akiinama kutia bega upande wa mbele wa kulia. Alilibeba mpaka makaburini, na wenzake walipotaka kumpokea alikataa. Siku zote tatu za matanga alikuwapo, akigawa kahawa. Bi Mahfoudha aliporudi kazini, salamu ya Jaifar dirishani ilibadilika. Hakuuliza tena miguu. Alisema, "Mungu amrehemu bibi," na Bi Mahfoudha akaitika amina, akampa helmeti. Ilikuwa hivyo kwa karibu wiki tatu.

Fainali ilikuwa Jumamosi tarehe 14 Aprili, saa kumi alasiri, uwanjani kwetu, dhidi ya timu ya kutoka Sohar. Joto lilikuwa nyuzi thelathini na tisa. Mkuu wa chuo alikuja na wajumbe wawili wa bodi, wakakaa chini ya hema na maji ya baridi. Tulikuwa mbele pointi kumi na nne kwa saba, zikibaki dakika tatu kufika mapumziko, Jaifar alipobaki na mpira mkononi sekunde moja zaidi. Wawili wa Sohar walimfikia pamoja, mmoja juu, mmoja chini. Kichwa chake kilipiga ardhi kabla ya mwili.

Alilala muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha akainuka, akapunga mkono, na uwanja ukalipuka kwa makofi. Alaa alimkalisha pembeni na kumpima kama alivyofundishwa: akammulika macho, akamwonesha vidole, akamwuliza leo siku gani, tunacheza na nani, pointi ngapi. Jaifar alijibu yote sawa, akaongeza na mzaha. Alaa akaandika kwenye karatasi kuwa ni mzima. Karatasi ile ilihitaji saini ya katibu wa timu, nami nikaitia.

Mapumziko yalipoingia vijana walipanga foleni dirishani kama kawaida. Jaifar alikuwa wa mwisho. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake nikipanga karatasi zangu, na nilisikia kila neno. Alimwamkia vizuri. Bi Mahfoudha akaitika marahaba, akamwuliza kichwa kinaendeleaje, naye akasema yu mzima kabisa, alhamdulillahi. Kisha, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, akauliza: "Na bibi je, miguu yake imepoa?"

Nilisikia na halikunigusa. Ndivyo salamu zilivyo, hupita masikioni kama maji ya mfereji. Bi Mahfoudha alikuwa ameshaishika helmeti kwa mikono miwili kumpa. Hakumpa. Alimwuliza taratibu, "Bibi gani, Jaifar?" Akajibu huku akicheka kidogo, kana kwamba anataniwa: "Bibi Zuwena. Mwambie Ijumaa ntakuja, anipikie mkate wa kumimina."

Bi Mahfoudha aliirudisha helmeti kwenye rafu. Alilishusha dirisha, akalifunga kwa ndani, akatoka kwa mlango wa chuma, akaufunga na huo kwa ufunguo. Ufunguo akautia kifuani, ndani ya nguo, mahali ambapo mama wa Kizanzibari huweka kitu asichotaka mjadala juu yake. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa kuuziba mlango.

Zilibaki dakika tisa. Ayman alikuja mbio, na mwanzo alizungumza kwa adabu. Bi Mahfoudha akamwambia kijana kaumia kichwa, hachezi. Ayman akamwonesha karatasi ya Alaa. Alaa mwenyewe, aliyekuwa kijana mwaminifu na mwenye hofu, alisema kwa mujibu wa vipimo hana kitu. Bi Mahfoudha akawajibu wote wawili kwa maneno ambayo nimeyabeba miaka minane: "Mimi sijasoma udaktari. Lakini mtoto huyu amembeba mama yangu begani, na sasa ananiuliza miguu yake."

Ayman alimgeukia Jaifar amwulize. Jaifar, kwa hasira, akasema alikuwa akisalimia tu, ulimi umeteleza, nani asiyetelezwa na ulimi. Ilikuwa sababu nzuri. Sote tulikuwa tunaitafuta. Ayman alijaribu kumvisha helmeti ya Musallam, mrushaji wa akiba, ikakwama juu ya masikio, na mwamuzi aliyekuwa akitazama akatikisa kichwa. Mkuu wa chuo akatuma mtu kutoka hemani kuuliza kuna nini. Ayman akanitazama mimi. Pale penye wanaume kumi na tano mwanamke mwingine nilikuwa mimi tu, na ufunguo ulikuwa pale ulipokuwa.

Nilikwenda. Sikumgusa, Mungu ni shahidi, lakini mkono ungekuwa afadhali kuliko niliyoyasema. Niliinama sikioni mwake nikamwambia: "Bi Mahfoudha, msiba umekuzidi. Unamsikia mama yako kila mahali. Usiiue timu kwa ajili ya marehemu." Machozi yalimtoka na mikono yake ilikuwa imekishika kiti kwa chini, kila upande, kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba. Nilisema mengine, kwa sauti zaidi, na waliokuwapo wanayajua. Kipenga kikapigwa.

Tulicheza nusu ya pili na Musallam, aliyejitahidi kupita uwezo wake, na tukafungwa pointi ishirini kwa kumi na nne. Pointi za mwisho ziliingia zikibaki sekunde arubaini. Jaifar alikaa pembeni na taulo usoni. Mechi ilipokwisha alikwenda kusimama mbele ya kiti kile cha plastiki, akamwambia Bi Mahfoudha kuwa amemharibia maisha na kwamba asimjue tena. Bi Mahfoudha alimjibu neno moja, akamwomba aende hospitali. Jaifar akapanda gari la rafiki yake, akaenda kwao.

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi huku kwetu, kabla sijavua abaya, nilipewa kazi ya kuandika barua ya onyo. Niliiandika mwenyewe, sikuambiwa maneno. Niliandika kwamba mfanyakazi aliyetajwa, kutokana na hali yake ya msiba, alipoteza uwezo wa kupambanua mambo na akamzuia bila sababu mchezaji aliyethibitishwa kuwa mzima. Niliandika pia kwamba asiwasiliane na mchezaji huyo wala familia yake mpaka uchunguzi umalizike. Nilimpelekea stoo kwa mkono wangu. Aliisoma yote, akatia saini ya kuipokea, akanirudishia kalamu yangu.

Siku hiyo hiyo, saa tisa kazi ilipokwisha, alikwenda moja kwa moja kwa Bi Hasina. Kwa barua ile, hatua hiyo ilitosha kumfukuzisha kazi, na alikuwa na miaka minane ya kufikia pensheni yake kamili. Jaifar hakutoka chumbani. Alikuwa akiumwa kichwa, mama yake akisema, ni hasira tu na kukosa usingizi. Bi Mahfoudha hakubishana. Alikaa, akanywa kahawa, akamsimulia Bi Hasina salamu ile ya dirishani neno kwa neno. Bi Hasina akasema ulimi huteleza. Bi Mahfoudha akaaga. Jumatatu alasiri akarudi, akakaa palepale. Jaifar alikuwa ametapika mara mbili, na mama yake akasema huenda ni samaki.

Jumanne alirudi mara ya tatu. Safari hii Jaifar alitoka, kwa sababu alisikia sauti yake, na alitoka kwa upole. Alimwamkia, akambusu mkono. Akamwuliza miguu ya bibi. Bi Hasina, aliyekuwa ameshika birika, ndiye aliyeliweka chini na kwenda kuvaa abaya. Walimwingiza kwenye gari wao wawili, mama mbele na Bi Mahfoudha nyuma amemshika kichwa.

Hospitalini waliona damu iliyokuwa ikivuja polepole baina ya fuvu na ubongo tangu Jumamosi. Alipasuliwa jioni ile ile. Daktari alimwambia Bi Hasina mambo mawili. La kwanza, kwamba siku moja zaidi ingekuwa nyingi. La pili, kwamba kama baada ya kupigwa vile angerudi kucheza, pigo dogo tu lingetosha. Bi Hasina alimwuliza dogo kiasi gani. Daktari akagonga meza kwa vifundo vya vidole.

Nusu ya pili Musallam aliangushwa mara kumi na moja. Nimezihesabu katika mkanda wa mechi, zaidi ya mara moja.

Jaifar alipona. Alimaliza shahada yake mwaka mmoja baadaye. Sasa yumo wizarani, Al Khuwair, ana mke na watoto wawili, na leo amekaa meza ya mbele pamoja na mama yake. Hakumbuki chochote cha Jumamosi ile wala siku tatu zilizofuata, wala maneno aliyomwambia Bi Mahfoudha kwenye kiti. Alikuwa akijua kwamba alinyimwa helmeti. Kwa nini, hakuambiwa. Bi Mahfoudha hakutaka ajue, akichelea kijana ataona haya kwa kumwulizia marehemu aliyemzika mwenyewe. Wiki iliyopita, kwa ruhusa ya Bi Mahfoudha, nilimpigia Jaifar simu nikamsomea habari hii ya mwaka ule kabla haijachapwa. Akaniomba nisibadilishe kitu.

Timu ilifungwa mwezi wa Juni kama bodi ilivyoahidi, na kwa sababu ya pili wasiyoiandika. Ayman alikwenda kumwomba radhi Bi Mahfoudha kabla Jaifar hajatoka hospitali. Alaa alikwenda. Mkuu wa chuo wa wakati ule alituma maua. Barua ya onyo, hata hivyo, haikufutwa, kwa kuwa kuifuta kungehitaji mtu kuandika kwamba ilikosewa, na hapo pangeulizwa nani alimpitisha mchezaji na nani alitia saini. Wakubwa wakafunika kombe mwanaharamu apite. Mwandishi wa barua alikuwa anangoja kupandishwa cheo, akanyamaza naye. Cheo kilipatikana. Bi Mahfoudha alinipongeza kwa sahani ya vitumbua.

Baada ya hapo alitumikia miaka minane mingine: timu za mpira wa wavu, za kikapu, za wasichana ambazo chuo kilizianzisha mwaka 2021 na ambazo zimetwaa vikombe vitatu. Amefundisha wasaidizi wawili. Amekataa kustaafu mapema mara mbili. Chuo sasa kina kanuni inayosema mchezaji aliyegongwa kichwa harudi uwanjani siku hiyo, awe amejibu maswali au hakujibu. Kanuni haina jina la mtu. Mimi ndiye niliyeiandika, na najua ni ya nani.

Jumatatu ya wiki hii nilipeleka barua katika faili lake, kwa jina langu na saini yangu, inayosema kwamba ile ya tarehe 15 Aprili 2018 haikuwa ya kweli na kwamba mwandishi wake alijua hivyo tangu Jumanne ya wiki ile. Wameipokea. Wamenishangaa kidogo, maana anayestaafu haihitaji tena. Jioni nilikwenda nyumbani kwake na nakala, nikamsomea, nikamwomba radhi kwa barua na kwa maneno niliyomwambia sikioni, ambayo ndiyo mabaya zaidi.

Nilitaraji atanizuia, aseme yamepita. Hakuyasema hayo. Alisema maneno yale yalimuuma kuliko kifo chenyewe, na kwamba mwaka mzima kila akiniona alikuwa akigeuza njia. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimeliwaza hata mara moja katika miaka yote hii. Alisema: "Mazoon, siku zile tatu nlikuwa na barua yako chini ya mswala. Kila nikisujudu nlimwomba Mungu iwe ni kweli. Niwe mimi ndiye niliyerukwa na akili, na mtoto awe mzima."

Bi Mahfoudha, niwie radhi, na mbele ya hawa wote. Kwa niaba ya wachezaji thelathini wa mwaka ule, na mamia waliosimama dirishani kabla na baada yao, tunakushukuru. Mungu akupe umri wenye afya, nyumba yenye watu, na mapumziko yasiyo na zamu. Nenda salama, mama yetu.